SBC: kisanduku cha mpakani ambacho waliobuni SIP hawakukitaka

Leo naweka msimbo kando na kuingia kwenye historia, kwa sababu kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu makampuni ya hapa Nairobi yaanze kuhamishia simu za ofisi kwenye wingu. Swali lenyewe ni hili: "Ikiwa simu sasa ni intaneti tupu, hiki kitu cha SBC tunacholipia ni cha nini?" Anayeuliza huwa ni mhasibu, na mara nyingi ameshika ankara mkononi.

Mhasibu huyo hajui kwamba yuko upande mmoja na magwiji. Waliobuni itifaki inayobeba simu za intaneti walitaka kitu cha aina hiyo kisiwepo kabisa, na kilipozaliwa kikakosolewa kwa maandishi. Kilikua vivyo hivyo. Leo simu ikitoka kwenye Microsoft Teams ya ofisini ikafika kwenye rununu ya shangazi yako kule Kitale, imepita ndani ya SBC moja au zaidi.

Kwa wasioijua, SBC ni kidhibiti cha mpaka wa mawasiliano. Ni tarakilishi, na siku hizi mara nyingi ni programu tu ndani ya seva, inayosimama kati ya mtandao wako wa simu na mtandao wa mtu mwingine. Kila simu inayovuka inaingia kwake na kutokea kwake. Ukifungua ukurasa wa kuisanidi utakuta sehemu za kujaza zisizoisha, na kwa macho mageni ni fujo tupu. Mimi zilianza kunielea nilipozisoma pamoja na hati za zamani. Karibu kila sehemu ina mwaka wake na ugomvi wake, na ukishaujua ugomvi, usanidi wenyewe si kazi kubwa.

Ugomvi wa kwanza ni wa mwaka 1994, kabla simu hazijaingia kwenye hadithi. Anwani za IP za wakati ule, na nyingi za leo, ni namba za biti 32, yaani haziwezi kuzidi bilioni 4.3 hivi. Wahandisi walikuwa wameshaona kwamba zitaisha. Mei mwaka huo Kjeld Egevang na Paul Francis wakachapisha RFC 1631. (RFC ni mfululizo wa hati ambamo kanuni za intaneti huandikwa, utaziona nyingi leo, vumilia.) Wazo lao lilikuwa kwamba mashine za ofisi zitumie anwani za ndani zinazoweza kurudiwa popote duniani, halafu ruta ya mlangoni ibadilishe anwani kila paketi inapotoka au kuingia. Ndiyo NAT hiyo. Wenyewe walisema wazi kwamba ni suluhisho la muda mfupi. Huo muda mfupi sasa umepita miaka thelathini.

Kwa Mkenya NAT si jambo geni. Wengi wetu tumekulia kwenye sanduku la posta la shule au la kanisa. Kijiji kizima kinatumia S.L.P. moja, barua ikifika mwalimu mkuu anajua hii ni ya kwa kina nani, na anampa mtoto aipeleke nyumbani. Mfumo ule ulikuwa na sharti moja tu: anayekuandikia atumie anwani ya sanduku. Sasa tuseme umemwandikia rafiki yako wa Ulaya. Bahasha ina S.L.P. ya shule sawasawa, lakini ndani ya barua umemwambia, "Jibu lako lilete nyumba ya tatu ukishapita kinu cha unga, mlango wa kijani." Bahasha inasema kweli. Barua inamtuma mahali ambapo posta ya Ulaya haiwezi kupajua hata kidogo. Hiyo ndiyo shida ya SIP, na wala sitanii.

SIP ilichapishwa mara ya kwanza Machi 1999 kama RFC 2543. Waandishi walikuwa Mark Handley, Henning Schulzrinne, Eve Schooler na Jonathan Rosenberg. Mimi wakati huo nilikuwa bado navaa nepi. Toleo ambalo ndilo msingi hadi leo, RFC 3261, lilitoka Juni 2002 likiwa na kurasa 269, na chuoni tulipewa nusu mhadhara juu yake, mwalimu akaendelea na mada nyingine.

Kazi yake ni ndogo kuliko kurasa hizo zinavyotisha. Simu A inatuma ujumbe uitwao INVITE kwa simu B. Ndani ya ujumbe kuna maelezo mafupi ya sauti, yaitwayo SDP, yenye mistari kama hii:

c=IN IP4 192.168.1.20
m=audio 49170 RTP/AVP 0 8

Maana yake ni "nitumie sauti kwenye anwani 192.168.1.20, poti 49170, na ninaelewa kodeki namba 0 na namba 8". Hizo kodeki ni aina mbili za G.711, sauti ileile ya simu za mezani za zamani. B anajibu 200 OK akitaja anwani yake mwenyewe, A anathibitisha kwa ACK, kisha sauti inapita moja kwa moja kati yao wawili. Seva ya katikati inawasaidia kutafutana tu.

Iangalie tena hiyo 192.168.1.20. Ndiyo nyumba ya tatu ukishapita kinu. Ruta ya NAT inabadilisha bahasha lakini barua haiifungui, kwa hiyo B anatuma sauti kwenye anwani ambayo kwake haina maana yoyote. Simu inaita, inapokelewa, na mmoja anamsikia mwenzake huku mwenyewe hasikiki. Kila fundi wa simu za intaneti duniani amewahi kukutana na hali hiyo.

Usidhani walioandika SIP hawakuijua NAT. Waliijua. Walikuwa wanashika imani kuu ya intaneti, ile ambayo Saltzer, Reed na Clark waliiandika katika makala yao ya mwaka 1984, kwamba akili ikae pembeni kwa watumiaji na katikati pawe na bomba tu. Simu za zamani zilikuwa kinyume chake. Mezani palikaa kifaa bubu, na akili yote ilikuwa kwenye mtambo wa kampuni ya simu, ambayo ndiyo iliyoamua bei, huduma, na nani anaweza kuunganishwa na nani. SIP ilikusudiwa kumwondoa huyo mtu wa katikati. RFC 3261 inakataza proksi kuugusa mwili wa ujumbe: isiongeze, isibadilishe, isiondoe. Kwa wanaoandika kanuni, NAT ilikuwa ugonjwa utakaopona anwani mpya za IPv6 zikifika, na hakuna haja ya kujenga nyumba kwa kufuata umbo la ugonjwa.

Lakini wenye ofisi hawakuwa na subira hiyo. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyekuwa na kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, aliona bei ya PBX na akaamua kuandika yake mwenyewe. Ndiyo Asterisk. Alibuni pia itifaki yake, IAX, inayopitisha maelezo na sauti pamoja kwenye poti moja tu, 4569, hivyo NAT haikuisumbua. Kwa maoni yangu IAX ilizifaa ofisi ndogo kuliko SIP, lakini watengenezaji wa simu za mezani walikuwa wameshachagua, na ubora wa kitu peke yake haushindi soko. Basi kwenye faili ya sip.conf yakaongezwa maneno ya kulizunguka tatizo. nat=yes ilimaanisha "usiiamini anwani iliyo ndani ya barua, jibu kule paketi ilikotoka". canreinvite=no ilimaanisha "sauti ipite kwangu, hawa wawili wasiongee wenyewe kwa wenyewe". Moduli iliyosoma faili hiyo iliondolewa Asterisk 21 ilipotoka mwaka 2023, lakini mistari hiyo miwili ndiyo mbegu ya kila SBC niliyowahi kuigusa.

Waliofanya mbegu hiyo kuwa biashara walikuwa Marekani. Mwaka 2000 Andy Ory na Patrick MeLampy walianzisha Acme Packet huko Massachusetts. Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Kagoor, Jasomi, Netrake, NexTone na wengine, wengi wao wakimezwa na wakubwa kati ya 2005 na 2006. Wateja wao wa kwanza hawakuwa ofisi. Walikuwa makampuni ya simu yaliyotaka kupitishiana simu kwa IP bila kuaminiana.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana makampuni hayo yalikuwa na mahitaji ambayo hayakuhusiana na NAT hata kidogo. Kampuni hii haitaki mshindani aone seva zake ni ngapi na ziko wapi, na ujumbe wa SIP unaandika kila kituo ulikopita. Inataka kuhesabu dakika ili itume ankara. Inataka kusema "mwisho simu 200 kwa wakati mmoja", ili jirani asiuzamishe mtandao. Serikali inataka uwezo wa kusikiliza simu ya mshukiwa. Marekani sheria hiyo, CALEA, ilikuwepo tangu 1994, na mwaka 2005 tume yao ya mawasiliano ikaipanua kufikia simu za intaneti. Yote hayo hayafanyiki ikiwa sauti inapita moja kwa moja kati ya A na B. Lazima pawe na mahali pa kusimama.

Na proksi hairuhusiwi kugusa mwili wa ujumbe, unakumbuka? Ujanja wao ulikuwa kutokuwa proksi. SBC inajifanya simu. A akipiga, SBC inapokea kana kwamba yenyewe ndiyo B, kisha inaanzisha simu nyingine kabisa kwenda kwa B kana kwamba yenyewe ndiyo A. Ni kazi ya mshenga. Familia mbili hazijaonana, kila upande unazungumza naye tu, na maneno yanayofika upande wa pili ni yale aliyoona yanafaa kufikishwa. Majina yasiyotakiwa kusikika hayasikiki. Lugha ikitofautiana anatafsiri. Kwa kanuni hakuna aliyevunja sheria, kwa kuwa kila simu kati ya zile mbili ina ncha zake halali. Nadhani wanasheria wangeipenda hoja hiyo.

Kuhusu NAT, mshenga alikuwa na dawa rahisi kupita kiasi. Anapuuza anwani iliyo ndani ya SDP, anangoja paketi ya kwanza ya sauti ifike, kisha anarudisha sauti kule ilikotoka. Njia hiyo ilitumika miaka mingi kabla haijaandikwa vizuri katika RFC 7362, mwaka 2014, nayo hati yenyewe imejaa tahadhari za usalama. Mwaka 2017 Sandro Gauci na wenzake walionyesha kwa nini. Kwenye Asterisk na mifumo mingine, mtu baki aliyetuma paketi kwenye poti iliyo wazi angeweza kudhaniwa ndiye mzungumzaji, akaletewa sauti ya watu wengine. Wakaiita RTP Bleed, yaani sauti inayovuja. Ndiyo maana leo kwenye ukurasa wa usanidi kuna sehemu ya kusema ni anwani zipi zinazoruhusiwa kuleta sauti. Usiiache wazi.

Wakati Acme Packet wakiuza mipaka yao, huku kwetu mpaka ulikuwa na sura nyingine. Shirika la zamani la posta na simu lilivunjwa mwaka 1999, Telkom Kenya ikapewa haki ya peke yake ya simu za kimataifa na ya uti wa mgongo wa intaneti hadi katikati ya 2004. Kuuza simu za ng'ambo kupitia intaneti kulikuwa kinyume cha sheria. Novemba 2000 makampuni ya intaneti yalifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isipande setilaiti kwenda ng'ambo na kurudi. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na CCK, tume ya mawasiliano ya wakati ule, ikaamuru kifungwe. Kilikuwa kimeishi wiki mbili hivi. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Huwa nawasimulia wenzangu wadogo kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba hoja ya mpaka haikuwa ya kiufundi hata mara moja. Massachusetts mpaka uliuzwa kama bidhaa, Nairobi uliwekwa kwa amri, na pote palikuwa na mtu aliyetaka dakika zipite mlangoni kwake ili azihesabu. Hata amri ilipokwisha, maumbile yalibaki. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu yetu, hivyo sauti kupanda na kushuka inachukua takriban robo sekunde, ilhali pendekezo la ITU la G.114 linataka safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya raha. Ukizungumza kwa njia hiyo mnagongana maneno kila mara. Mambo yalibadilika nyaya za baharini zilipotua Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, kisha EASSy mwaka 2010. Simu ya wingu ya ofisi ya Kenya isingewezekana kabla ya hapo, hata ungekuwa na SBC ya dhahabu.

Turudi kwa wanakanuni. Wao walikuwa na jibu lao kwa NAT, lisilohitaji mtu wa katikati, na lilichukua miaka. Kwanza ilikuja STUN, Machi 2003, inayoiwezesha simu kuuliza seva ya nje "mimi naonekana kwa anwani gani huko?". Kisha, Aprili 2010, TURN na ICE, ambazo pamoja zinaziwezesha simu mbili kukusanya anwani zote wanazoweza kufikika, kuzijaribu moja moja, na kuchagua iliyo fupi. Ni kazi safi sana. Na mwezi uleule, Aprili 2010, ikatoka RFC 5853, hati iliyoeleza SBC zinafanya nini, waandishi wake wakiwemo wahandisi wa Ericsson na mmoja wa Acme Packet mwenyewe.

Ukiwa na hamu ya kusoma RFC moja tu maishani, soma hiyo. Inataja kazi saba: kuficha umbo la mtandao, kusimamia sauti, kupatanisha simu zisizoelewana, kuiweka hai njia ya NAT, kuchuja wanaoingia, kurekebisha ujumbe ulioandikwa vibaya, na kusimba sauti. Na kila kazi imewekewa kifungu cha kueleza inavyokwenda kinyume na usanifu wa SIP. Ni kama cheti cha kuzaliwa ambacho pembeni mkunga ameandika malalamiko yake. Lakini cheti kilitolewa. Soko halikungoja, Acme Packet ilikuwa imeshaingia kwenye soko la hisa Oktoba 2006, na mwaka 2013 Oracle ikainunua kwa takriban dola bilioni 2.1.

Sasa tufike kwenye wingu. Microsoft ilizindua Teams Machi 2017 (haina uhusiano wowote na ule waya wa TEAMS wa Mombasa, ingawa simu yako huenda ikapita kwenye vyote viwili). Mwaka 2018 ikaja huduma ya Direct Routing. Badala ya kununua dakika kutoka Microsoft, unaleta laini zako za kampuni ya simu ya nchini kwako, unaziunganisha kwenye SBC iliyoidhinishwa, na SBC inazungumza na Teams. Kwa nchi kama yetu hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa ofisi ingebaki na namba zake za 020 zilizochapishwa kwenye kila kadi na kila gari. Na hivyo kifaa kilichotengenezewa makampuni makubwa ya simu kikajikuta kwenye kabati la seva la duka la vipuri.

Ukikisanidi unatembea ndani ya historia yote hiyo kwa mchana mmoja. Upande wa Teams unaweka majina matatu ya Microsoft, la kwanza ni sip.pstnhub.microsoft.com, na poti 5061 kwa TLS. Unahitaji jina kamili la SBC lililo chini ya kikoa cha kampuni, na cheti kutoka kwa mtoaji wa umma anayetambuliwa. Jina hilo lazima lionekane kwenye heda ya Contact, maana Teams hulitumia kujua simu hii ni ya mteja yupi kati ya mamilioni. Weka namba ya IP hapo na simu inakataliwa. Kuna ujumbe wa OPTIONS unaotumwa kila baada ya muda, wa kuulizana hali tu, na ukikoma Teams inachukulia SBC imekufa. Upande wa laini za nchini unakuta dunia nyingine: mara nyingi hakuna TLS, mtu anatambuliwa kwa anwani yake ya IP, na namba ambayo Teams imeileta kama +254 na kuendelea huenda ikatakiwa ianze na 0, au na 254 bila alama ya kujumlisha. Kwa hiyo unaandika kanuni za kubadilisha namba, na usisahau 999 na 112, ambazo hazina msimbo wa nchi na zitavurugwa na kanuni ya kizembe. Hiyo ndiyo kazi ya tatu na ya sita ya RFC 5853, neno kwa neno.

Nitoe mfano mmoja. Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini ilihamia Teams, na simu zote zinazoingia zikawa zinakatika. Si ovyo ovyo, bali kila moja baada ya sekunde 32. Mama wa mapokezi alinipokea kwa hasira. "Kijana, hii mashine yenu haina adabu. Inakata kabla sijamaliza kumjulia mteja hali." Sauti ilikuwa safi pande zote, kwa hiyo SDP ilikuwa sawa. Lakini 32 ni namba inayojitaja yenyewe. RFC 3261 ina kipimo kiitwacho T1, nusu sekunde. Anayepokea simu akituma 200 OK asipate ACK, anarudia kutuma kwa muda wa T1 mara 64, kisha anakata. Mara 64 za nusu sekunde ni 32. ACK ilikuwa inapotea.

SBC yao ilikuwa ndani ya seva ya wingu yenye anwani ya ndani inayoanza na 10, huku anwani ya umma ikiwa kwenye ruta ya mwenye wingu. Aliyeisanidi kabla yangu alijaza sehemu ya kutafsiri anwani kwa upande wa sauti, akaacha ya upande wa ujumbe. Heda ya Contact ikawa inaiambia kampuni ya simu itume ACK nyumba ya tatu ukishapita kinu. Nilijaza mstari mmoja, na mama akaendelea na salamu zake. Lakini tazama: kosa la anwani ya 1994, ndani ya ujumbe wa 1999, kwenye kifaa kilichobuniwa ili kulitibu.

Na ICE, ile dawa safi ya kumwondoa mtu wa katikati? Imo pia. Direct Routing ina chaguo la kuruhusu sauti itoke kwenye tarakilishi ya mfanyakazi moja kwa moja hadi kwenye SBC bila kuzunguka kwa Microsoft. Kama SBC iko Nairobi na mfanyakazi yuko Nairobi, sauti haina haja ya kuvuka bahari, na utasikia tofauti. Ili lifanye kazi, SBC inatakiwa kuwasha ICE, toleo lake dogo liitwalo ICE Lite. Kilichobuniwa ili mpaka usihitajike sasa ni kisanduku cha kuweka alama ndani ya usanidi wa mpaka.

Kuna jambo moja ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. RFC 3261 iliacha njia ya kusimba mwili wa ujumbe kutoka mzungumzaji hadi mzungumzaji, na karibu hakuna aliyeitumia. Tunachotumia ni usimbaji wa kipande kwa kipande. Sauti kati ya Teams na SBC inasimbwa kwa SRTP, na ufunguo wake unasafiri ndani ya SDP, ukilindwa na TLS. Inapofika kwenye SBC inafunguliwa, na mara nyingi inaendelea kwenye laini ya nchini ikiwa wazi. Maana yake ni kwamba yeyote mwenye nywila ya SBC anaweza, kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi paketi ambacho sisi mafundi tunakihitaji kila siku, kusikia mazungumzo ya mkurugenzi na benki yake, au ya mfanyakazi na daktari wake. Tangu 2021 Microsoft ina pia Operator Connect, ambapo SBC inakaa kwa kampuni ya simu na ofisi haioni chochote cha kusanidi. Ni rahisi zaidi, na mhasibu atafurahi. Ila nywila zinakuwa mikononi mwa watu ambao hutawahi kuwaona.

Kwa hiyo nikimaliza kusanidi SBC ya mteja, kazi yangu ya mwisho ni kuketi naye na orodha ya akaunti, tukipita jina baada ya jina tukiuliza huyu ni nani na anahitaji nini humu. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, akaunti moja yenye uwezo wote ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi kabla hata SBC hiyo haijahamishiwa kwenye wingu. Nywila yake ilikuwa bado inafungua.